Jinsi ya kuendesha kikao cha mtaa kuhusu bunduki na vurugu, watu watoke wakiwa wameelewana kitu

Hii nimeandikia vijana wa grupu, wamama wa chama, mapasta na wazee wa Nyumba Kumi ambao kila mwaka wanaambiwa "ongeeni na vijana kuhusu vurugu" alafu hakuna mtu anawaonyesha vile hayo maongezi yanafaa kwenda. Mimi niko Nakuru, vikao vya aina hii nimeendesha Kaptembwa na Rhonda, nimekaa kwa vingine Kisumu na kule upande wa Bungoma, na kile nimeona kila mahali ni kwamba watu wetu hawakosi maoni kuhusu bunduki, shida ni kila mtu amekuja na swali lake na wote wanadhani wanajibu swali moja.

Kwa hivyo kabla ujue utaweka viti wapi, jua kwanza maswali ni mawili.

Mtu atasimama aseme bunduki haiui, mtu ndiye anaua, apigiwe makofi. Mwingine asimame aseme sasa bila bunduki huyo mtu angeua nani, apigiwe makofi pia, tena na wale wale. Hapo ndipo mjadala hukwama, hapa kwetu na hata Marekani kwenyewe, juu hizo kauli mbili zimefanywa kama Gor na Ingwe, lazima uvae jezi moja. Lakini kila kauli inajibu swali lake. Ya kwanza inaongea kuhusu kile kilileta ugomvi: shamba, siasa, wivu, deni, pombe, kisasi. Ya pili inaongea kuhusu kile kilifanya ugomvi uishie mochari badala ya kuishia kwa chifu. Kazi yako wewe mwenye kikao ni kushika hayo maswali mawili kila moja na mkono wake mpaka mwisho, usikubali moja limeze lingine, juu likimezwa tu watu wanarudi kupiga kelele na saa tatu zinaisha hivyo.

Nikitaka watu waelewe haraka huwa nawapa tarehe moja, 14 Desemba 2012. Siku hiyo kule Marekani, mji wa Newtown jimbo la Connecticut, kijana aliingia shule ya msingi ya Sandy Hook na bunduki akaua watoto 20 na watu wazima 6. Siku hiyo hiyo Uchina, kijiji cha Chenpeng mkoa wa Henan, mwanaume aliingia shule ya msingi na kisu akakata watoto 23 na mama mmoja mzee. Wote walipona, hakuna hata mmoja alikufa. Sema hivyo alafu nyamaza kidogo, wacha kila mtu apige hesabu yake, usiwaambie inamaanisha nini.

Alafu kabla wale wa kupinga bunduki wafurahie sana, leta ya Rwanda 1994, ambako mapanga na marungu yalifanya kazi kubwa sana. Na leta ya hapa hapa kaunti yetu, Naivasha, Januari 2008, watu 19 wakachomwa ndani ya nyumba moja, risasi haikuhitajika. Kwa hivyo silaha ni muhimu, inaamua mtu mmoja akipandwa na hasira anaweza kuua wangapi na kwa haraka gani, lakini umati ukishapangwa na ukalipwa na ukaambiwa hakuna mtu atashikwa, utatumia chochote kiko karibu. Mkishafika hapo kikao kimeanza vizuri.

KABLA YA SIKU YENYEWE

Kama mnakutana nje, mahali pa umma, sheria ya utulivu wa umma inataka mpeleke notisi kwa OCS wa stesheni yenu, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Ni notisi, hamwombi mtu ruhusa, na kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki ya kukusanyika kwa amani na bila silaha. Ukumbi wa kanisa huwa rahisi zaidi. Jumapili saa nane ni saa nzuri, siku ya soko msijaribu, wamama hawatakuja na bila wamama hicho kikao ni bure kabisa.

Watu wasizidi 30. Alika mwenyekiti wa stage ya boda, alika fundi wa kuchomelea, alika mama wa kibanda cha M-Pesa ambaye ameshawahi kuibiwa, alika vijana wale ambao mtaa unawaogopa (naam, hao hao, wakikosa mtakuwa mnawasengenya tu). Na ukiweza kupata mtu mmoja tu wa maana sana, tafuta muuguzi au klinikal ofisa wa kasualti. Huyo mtu ameona vidonda kwa macho yake, anajua Ijumaa usiku huja na nini na mwisho wa mwezi huja na nini, na akianza kuongea wale wanaume wa kusema "mimi ningekuwa na bunduki ningemwonyesha" hunyamaza wenyewe. Mwambie tu asitaje mgonjwa.

Mwanasiasa usialike. Akisikia aje, mpe kiti kama mkaaji mwingine, maiki asishike.

Polisi ni hesabu ngumu zaidi na inategemea uko wapi. Nakuru mimi huwa nasema waje, bila yunifomu na bila silaha, lakini waje kikao cha pili, ya kwanza watu waongee kwanza. Kisumu mitaa kama Nyalenda na Kondele nisingeharakisha hata hivyo, na sababu nitafika hapo.

Sheria za ukumbini ziwe chache na zisemwe kwa sauti. Simu zisirekodi. Hakuna kutaja jina la mtu aliye hai, hakuna kutaja ploti. Mnasema kisa, jina mnaacha nyumbani. Hii si adabu tu, ni uhai wa mtu, juu ukitaja kwamba kijana fulani wa laini fulani ako na mchuma, yaani bunduki, kesho yake wewe uliyetaja ndiye utatafutwa, ama huyo kijana atatolewa nyumbani usiku na watu wasijulikane ni nani, na mama yake atabaki akizunguka stesheni mpaka mochari.

KARATASI YA MANILA

Hii ndio sehemu ninayoipenda na ndio itachukua muda wenu mwingi, isiharakishwe.

Bandika karatasi ya manila ukutani, gawanya safu nne na kalamu nene. Ya kwanza, aliyekufa alikuwa nani (kijana, mama, mwanaboda, askari, hivyo tu). Ya pili, kwa silaha gani. Ya tatu, hiyo silaha ilitoka wapi. Ya nne, ugomvi ulikuwa wa nini. Alafu uliza watu wakumbuke vifo vya vurugu vya huu mwaka mmoja umepita kwa wodi yenu, kimoja kimoja.

Safu ya kwanza na ya pili hujaa haraka. Ya nne ndio huleta kelele. Ya tatu ndio huleta kimya, na hapo ndipo unafaa kukaa.

Chukua mfano mwanaboda ameuawa usiku, pikipiki imechukuliwa. Watu wataandika "wizi" kwa safu ya nne na wataka kusonga. Usisonge. Uliza silaha. Ngeta, yaani kukabwa shingo, na chuma. Chuma ilitoka wapi? Ni kipande cha nondo, ilitoka site yoyote. Sawa, hiyo huwezi kuipigia marufuku. Sasa rudi safu ya nne: pikipiki iliendea nani? Juu pikipiki ya wizi haina maana kama hakuna mtu wa kuinunua, na mtu wa kununua vipuri huwa si mlevi wa usiku, ni mtu ako na duka na mchana anauza. Fundi wa kuchomelea atakohoa hapo. Muache akohoe, hamtaji majina, lakini sasa ukumbi mzima umeona kwamba chanzo cha hicho kifo kina mlango mwingine ambao hakuna mtu alikuwa anauangalia.

Alafu chukua kifo kingine, mume ambaye kazini anapewa bunduki, ugomvi wa nyumbani, amempiga bibi risasi na kujipiga yeye. Visa kama hivi tumevisoma Kenya hii mara nyingi mno. Safu ya nne wataandika wivu, ama stress ya kazi. Ni kweli. Lakini wivu uko kwa kila ploti Kaptembwa na nyumba nyingi huishia kwa matusi na sufuria kurushwa nje. Hapa safu ya pili na ya tatu ndio zilibadilisha kila kitu: bunduki ya kazi ililala nyumbani na mtu ambaye wenzake walikuwa wameshaona hayuko sawa. Vifo viwili kwa karatasi moja, cha kwanza dawa yake iko kwa sababu, cha pili dawa yake iko kwa silaha. Mkifika vifo nane au tisa watu wenyewe wataanza kusema "hii ni ya safu ya tatu", "hii ni ya nne", na mtu aliyekuja na jibu moja la vifo vyote ataanza kukuna kichwa.

Kile utagundua ni kwamba karatasi ya kila mji inajaa tofauti.

Nakuru, kwa vile nimeona, safu ya silaha hujaa visu, mapanga, nondo. Mnakumbuka 2022 wale wamama waliouawa Mawanga na jina la kundi la Confirm likawa kila mahali, haikuwa mambo ya bunduki. Bunduki hapa hutokea kwa wizi wa maduka na kwa askari, na kwa wale ndugu zetu wamekimbia Baringo wakaja kupanga huku.

Kisumu karatasi hubadilika kabisa. Ripoti ya Tume ya Waki kuhusu vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima na kati ya hivyo 405 vilikuwa vya risasi, hakuna silaha ingine iliua watu wengi kuliko hiyo, na Kisumu waliokufa wengi walikufa kwa risasi, za polisi. Kisha 2017, Nyalenda, mtoto wa miezi sita akapigwa na rungu ndani ya nyumba ya wazazi wake wakati polisi waliingia mtaa usiku baada ya uchaguzi, akafa hospitalini. Sasa wewe simama mbele ya watu wa Nyalenda uwaambie tatizo la bunduki ni raia kuwa nazo. Watakusikiza kwa heshima na watakuwa wamefunga masikio. Ukienda huko anza na ile sheria ya polisi ya 2011, jedwali lake la sita, inasema bunduki ni njia ya mwisho, kwa sababu chache kama kuokoa maisha, na afisa akiua au kuumiza mtu vibaya lazima IPOA, ile mamlaka huru ya kuangalia polisi, waambiwe. Soma hiyo kwa sauti. Watu wengi huwa hawajawahi kuisikia, na hiyo pia ni udhibiti wa bunduki, tena wa maana zaidi kwa mtu wa Kondele.

Bungoma upande wa Mlima Elgon ni hadithi ingine tena. Pale kulikuwa na mpango wa kugawa mashamba wa Chepyuk, ukafanywa ukarudiwa, watu wakapewa wakanyang'anywa, na kutoka hapo kukatokea kundi lenye silaha la SLDF, wakaua mamia, wakakata watu masikio, mpaka Machi 2008 jeshi likaingia na operesheni ya Okoa Maisha, na hiyo nayo ikaacha familia zinatafuta waume na vijana wao waliochukuliwa wasirudi. Wazee wa huko hawataki kusikia mtu akisema ni bunduki tu au ni shamba tu. Shamba ndio lilileta hasira, bunduki ndio ilifanya vijana wachache wawe serikali ya mlima mzima, na kila mtu pale anajua.

BUNDUKI ZENYEWE ZINATOKA WAPI

Lazima uwe na haya kichwani juu utaulizwa.

Kenya hakuna haki ya kumiliki bunduki. Kuna ruhusa, kwa Sheria ya Bunduki sura ya 114, na anayetoa ni Bodi ya Leseni za Bunduki, lazima uonyeshe sababu ya maana na wewe usiwe hatari kwa watu, na ruhusa ikitolewa inaweza kurudishwa. Desemba 2018 wenye leseni wote waliambiwa waende wakakaguliwe upya. Marekani ni kinyume, marekebisho ya pili ya katiba yao yako tangu 1791, na 2008 mahakama yao ya juu kwa kesi ya Heller ikasema hiyo ni haki ya mtu binafsi. Kwa hivyo mtu wa Nakuru akibeba hoja za Wamarekani nzima nzima anakuwa anatetea ama kupinga kitu ambacho hapa hakiko.

Watafiti wa Small Arms Survey walikadiria 2018 kwamba bunduki za raia duniani ni kama milioni 857, milioni 393 zikiwa Marekani peke yake, na Kenya kama 750,000, ambazo nyingi mno hazina leseni. Sasa uliza ukumbi: kama sheria yetu ni kali hivyo, hizo zote zimetoka wapi? Mpaka. Mwaka 1979 Idi Amin alipoanguka, ghala la silaha la jeshi lake kule Moroto lilivunjwa, Wakaramojong wakabeba, na kutoka hapo mizani ya Turkana na Pokot ikabadilika, mshale ukakosa kazi. Vita vya Sudan na Somalia vikaongeza. Ndio maana nchi zetu hizi zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo ndogo mwaka 2004, juu hakuna nchi moja inaweza kufunga huo mlango peke yake. Mexico ni vile vile, sheria yao kali lakini jirani yao anauza.

Rais Uhuru alichoma bunduki 5,250 Ngong mwaka 2016. Piga hesabu na zile 750,000, utaona.

Kuna pia bunduki ya uongo. Vijana wanatengeneza, polisi wabaya nao wanawekelea watu, bonoko hiyo, kila kijana wa mtaa anajua. Waambie vijana wazi kwamba kutembea na toi ya bunduki kwa wizi ni kosa chini ya ile ile sheria, na mbaya zaidi anayekufyatulia hatangoja kujua ni toi.

ZILE KAULI LAZIMA UTASIKIA

"Wananchi wote wapewe bunduki, wezi wataogopa." Usimcheke anayesema hivi, mara nyingi ni mtu ameibiwa na amepiga simu stesheni akaambiwa gari haina mafuta. Mwulize maswali. Utalala nayo wapi kwa nyumba ya chumba kimoja na watoto wanne? Mwizi akijua iko, atakuja kuiba nini kwanza? Alafu mpe hii ya Marekani: mwaka 2021 walikufa kwa bunduki watu 48,830, na zaidi ya nusu hawakuuawa na mwizi, walijiua. Hapo ukumbi hushangaa, juu hakuna anayefikiria hivyo akisikia Marekani na bunduki. Mtu anayejaribu kujiua na bunduki karibu kila mara anakufa, hana nafasi ya kubadilisha nia. Sri Lanka haikuwa hata na shida ya bunduki, ilikuwa dawa za shamba, walipopiga marufuku zile kali sana idadi ya wanaojiua ikashuka kwa karibu asilimia 70 miaka iliyofuata. Huzuni haikuisha nchini, kile kilikuwa mkononi saa ile mbaya ndicho kilibadilika. Hii ya dawa za shamba itagusa watu wa Molo na Njoro moja kwa moja, wape nafasi waongee, na mwambie kila mtu afungie dawa zake stoo.

"Mbona Uswisi wako na bunduki na hawauani?" Swali zuri na usilikwepe. Bunduki nyingi, mauaji machache, ni kweli, na huko kuna mafunzo, kuna kuandikishwa, kuna polisi wanaoaminika na mahakama inayoamua kesi ya shamba. Kwa hivyo wanaosema "angalia mizizi" wako na ushahidi wao pia. Australia nayo, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur Aprili 1996, serikali ilinunua na kuharibu bunduki kama 650,000, na Uingereza baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa Dunblane mwaka huo huo ikapiga marufuku bastola za raia. Toa zote mbili mezani.

"Ni bangi, ni muziki, ni gemu za vidio." Japan wanacheza gemu kuliko sisi na mauaji yao ni machache mno. Pita haraka.

"Ni wagonjwa wa akili." Hapa simama imara, tafadhali. Wagonjwa wengi wa akili hawajawahi kumgusa mtu, wao ndio hupigwa mawe sokoni, na kuna mama hapo ukumbini ako na mtoto kama huyo nyumbani.

"Ni kabila fulani, hao ndio wauaji." Hii ndio itavunja kikao kama hujajiandaa, na Nakuru lazima itakuja, hata ikija kwa mafumbo. Usimfokee, usimwambie anyamaze, chukua kalamu uandike miaka kwa manila: 1992, 1997, 2007. Uliza Molo ilichomeka lini, Njoro lini, Kuresoi lini. Watataja hiyo miaka wenyewe, au ule wa kabla yake, au miezi ya mwanzo ya ule wa baada. Uliza sasa hiyo miaka iko na nini. Uchaguzi. Alafu uliza miaka ya katikati hao majirani walikuwa wanafanya nini, na watu watakuambia: tulikuwa tunauziana maziwa na viazi, watoto wanasoma shule moja, wengine wameoana. Kama damu ya kabila ndio chanzo, mbona ilikuwa inalala miaka ya katikati na kuamka wakati wa uchaguzi? Tume ya Akiwumi, ile ilichunguza vita vya kikabila vya miaka ya tisini, na tume ya Waki zote ziliandika kuhusu wanasiasa na pesa nyuma ya hivyo vita. Nimeona wazee wa pande mbili wakiangaliana hapo na kuanza kukumbuka lori lilileta vijana lilitoka upande gani, na hayo maongezi, mtu wangu, yana thamani kuliko semina zote za hoteli.

"Ni umaskini na kukosa kazi." Kweli, lakini isiachwe hivyo. Vijana wengi hawana kazi na hawajaua mtu. Uliza ni nani huwapa kazi ya vurugu, analipa ngapi, na lini.

BAADA YA KIKAO

Usifunge kwa hotuba. Rudi kwa manila, chagueni mstari mmoja wa safu ya tatu na mmoja wa safu ya nne ambao nyinyi wenyewe mnaweza kufanyia kitu, iandikwe barua ya ukurasa mmoja, isainiwe, ipelekwe kwa chifu na MCA, na nakala kwa kamati ya usalama ya kaunti ndogo, mbakishe nakala yenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Taa ya mlango wa stage, duka la vipuri kukaguliwa, kesi ya shamba kusikizwa. Karatasi yenyewe ikunjwe ibaki na mtu mmoja mwaminifu, isipigwe picha.

Na watu wakitoka, wewe usitoke. Panga viti polepole. Karibu kila mara kuna mama atabaki nyuma akujie akuambie kwa sauti ya chini kwamba kijana wake ako na kitu kwa godoro. Msikize mpaka mwisho, usimwulize maswali ya kipolisi. Mwambie asiiguse na asijaribu kuipeleka mwenyewe kwa mkoba, juu atakayekutwa nayo njiani ndiye mwenye kesi. Wewe pia usiende kuiangalia na usikubali kuwekewa. Tafuteni kwanza wakili au shirika la msaada wa kisheria, alafu kiongozi wa dini au chifu ambaye huyo mama mwenyewe anamwamini, ndio wapange vile itachukuliwa bila mtoto kupigwa risasi mlangoni. Serikali ikitangaza muda wa msamaha, kama ule wa siku tatu wa Februari 2023 kule kaskazini mwa Bonde la Ufa, huo ndio wakati wa kukimbia haraka. Kama shida ni mume anatishia nyumbani, nambari ya 1195 ni ya bure na ni ya visa vya dhuluma za kijinsia. Na kama kijana ametoka nayo usiku huo na kuna mtu anamwendea, hapo hakuna kupanga tena, piga 999 au 112 saa hiyo hiyo na umtoe yule anayetafutwa kwake.